Biskuti za Oti, Msimu wa Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na biskuti zangu za kwanza zimeungua chini huku juu zikibaki uji.

Oveni hatuna. Tuna jiko la gesi la plate mbili, na moja imekufa tangu mwaka jana. Jirani wa chini, fundi nguo ambaye jengo zima linamwita Cherehani, ameniazima sufuria lake zito na kunielekeza: mchanga mkavu chini, kimo cha vidole viwili, juu ya mchanga kipande cha bati, juu ya bati sahani ya biskuti, kisha mfuniko, na jiwe juu ya mfuniko. Alisisitiza nipashe mchanga moto kwanza. Mimi nikaona huko ni kuchoma gesi bure. Sahani ilipokaa muda mrefu bila dalili ya kuiva, nikafungulia moto wote kwa hasira, na matokeo nimeshayataja.

Mke wangu alizitazama akasema, "Hizi mpelekee mwenye nyumba."

Ni mzaha wake wa kwanza tangu atoke hospitali, kwa hiyo sikuhuzunika sana.

Jumanne, 5 Machi

Niandike hali ilivyo, maana jana nimeruka mwanzo.

Mke wangu aliugua homa ya mapafu mwezi wa Januari. Mapafu yamepona, hamu ya kula haikurudi. Uji anausukuma, wali anausukuma, supu anaiacha mpaka inafanya ngozi. Akili nayo inakwenda na kurudi: asubuhi anajua bei ya vitunguu, alasiri ananiuliza kama nimefunga mbuzi. Chakula kimoja tu amekitaja kwa mdomo wake mwenyewe, biskuti za oti. Hizo alizioka yeye kambini, miaka ya mwanzo baada ya kuvuka mpaka, tulipokuwa tukigawiwa oti kwa magunia na hakuna aliyejua inaliwaje. Alizioka juu ya bati la paa, na watu walitoka safu za mbali za mahema kuja kunusa.

Mimi sijawahi kuoka kitu. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ilikuwa kuona herufi iliyokaa vibaya kabla msomaji hajaiona. Jikoni nilikuwa mgeni anayekaribishwa.

Muuguzi wa mtaa huja kila Alhamisi na mizani yake kwapani. Ni binti mpole, anayemwita mke wangu bibi na mimi babu. Wiki iliyopita alinivuta kwenye korido akaniambia bila kuzunguka: uzito ukiendelea kushuka hivi, daktari ataandika apelekwe kwenye nyumba ya wazee iliyo ng'ambo ya mji, wanakolishwa kwa mrija. Waume hawalali huko. Na hakuna hata mmoja mle ndani anayesema lugha yetu.

Kwa hiyo naoka.

Alhamisi, 7 Machi

Umeshuka tena. Kidogo, lakini umeshuka.

Jumamosi, 9 Machi

Leo zimetoka biskuti.

Oti ya kwenye boksi siiwezi. Lakini muuza nafaka wa kona ana magunia yanayotoboka, na kinachomwagika hukikusanya, hukipepeta na kukiuza kwa bei ya kuwahurumia wenye kuku. Nilimwambia nafuga kuku. Akanitazama viatu, akanipimia, akaongeza konzi moja juu. "Wasalimie kuku," akasema.

Hiyo oti niliichambua juu ya meza kama nilivyokuwa nikichambua maandiko, nikatoa mawe, makapi na mabuu mawili. Nusu niliikaanga kavu, nusu niliisaga kwa chupa ili ipate unga wa kushikanisha. Sukari guru kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, mafuta ya kupikia badala ya siagi, chumvi, mdalasini. Mchanga nikaupasha kwanza. Nyumba nzima ilinukia mpaka ngazini.

Cherehani alipanda na sindano zikiwa bado mdomoni, akala moja, akatangaza kwamba sasa naweza kuolewa.

Mke wangu alishika moja, akaigonga ukingoni mwa meza. Ikalia kama kigae. Akatabasamu. "Hizi ndizo. Zitakaa siku ngapi?"

"Ukizifungia vizuri, hata mwezi."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Nilijisikia kama niliyepandishwa cheo.

Jumapili, 10 Machi

Hapendi kutazamwa akila, hajapenda tangu ujana. Nimemwekea sahani kitandani nikaenda kuchota maji. Niliporudi sahani ilikuwa tupu na chenga zimejaa kifuani. Nilirudi jikoni nikaanza kuchambua oti ya kesho.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Sahani tupu asubuhi, sahani tupu jioni.

Alhamisi, 14 Machi

Sielewi. Amekula wiki nzima na mizani imesema ameshuka. Muuguzi alimpima mara mbili, mara ya pili bila viatu. Nilimwonyesha biskuti. Alionja, akasifu, akauliza kama nina hakika anazila. Nilijibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba mimi ndiye ninayeosha hiyo sahani.

Amenishauri niongeze mafuta, karanga, yai nikipata.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua mfululizo. Ukuta wa upande wa kabati umeanza kutoa jasho.

Jumanne, 19 Machi

Nimetwanga karanga na kuongeza yai. Anasema mafuta yamezidi, biskuti yenye mafuta huvunda haraka. Nikamwambia hazitapata nafasi ya kuvunda. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayecheza na kiberiti.

Ninakula makapi yanayobaki kwenye ungo, yakiloweshwa maji na chumvi. Yanashibisha.

Alhamisi, 21 Machi

Ameshuka tena.

Muuguzi aliandika tu, na mimi ambaye nimeishi kwa kusoma mwandiko wa watu nikasoma bega lake.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimefanya jambo la aibu.

Kila alasiri Cherehani hupanda kukaa na mke wangu ili mimi niende dukani. Humwita dada, humsuka nywele zilizobaki, humpa umbea wa jengo. Nilianza kufikiria: biskuti zinaisha, mke wangu haongezeki, na anayekaa naye ni mwanamke mnene. Njaa ina hesabu zake. Niliporudi leo nikakuta sahani tupu na Cherehani anapangusa mdomo.

Sikupiga kelele. Nilimwambia kwa sauti ya ofisini kwamba oti hii ni dawa ya mgonjwa, na mwenye njaa anaweza kusema wazi apikiwe chake.

Alikunja kazi yake polepole. "Shemeji," akasema, "nimekunywa maji kwenye kikombe chako. Nitakuletea maji mengine."

Alishuka. Mke wangu alikuwa amegeukia ukuta. Sijui alisikia kiasi gani.

Jumapili, 24 Machi

Binti yetu amepiga simu. Yuko mji mwingine, anafanya kazi katika nyumba ya wazee kama hiyo wanayotuahidi, zamu za mchana na za usiku, na likizo yake imekatwa. Alisema niache kupigana, mama apelekwe, atalishwa. Nilimwuliza ni lini amekuwa mwepesi hivyo wa kumtoa mama yake nyumbani.

"Baba, mimi nawalisha watu kwa mrija kila siku. Hawafi. Ndiyo maana nakwambia."

Nilikata simu mimi.

Jumanne, 26 Machi

Cherehani amepanda. Hakuketi. Alisema hajanisamehe na wala hajaja kwa ajili yangu, amekuja kwa ajili ya dada yake. Yeye hushona mapazia, na kwenye pindo la pazia zito hutiwa vipande vya madini ya risasi ili lining'inie sawasawa. Anavyo kopo zima. Gauni moja la pindo pana, akasema, na Alhamisi dada atakuwa ameongezeka bila kutafuna kitu.

Nilipaswa kukataa. Niliuliza tu kama vitagongana na kulia.

"Mimi ni fundi," akasema.

Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu amepanda mizani akiwa na gauni la bluu. Kwa mara ya kwanza tangu Januari sindano ilisogea upande tunaoutaka. Muuguzi akafurahi kweli, akapiga makofi. Nilitazama dirishani.

Ndipo mke wangu akashika pindo la gauni kwa vidole viwili, akamwinamia muuguzi na kumnong'oneza kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia: "Usimwambie mtu, mwanangu. Mume wangu ameshaanza kutushonea."

Muuguzi hakuelewa. Mimi nilielewa. Tulipokuwa tunavuka, kila mwenye chochote cha thamani alikishona kwenye pindo. Mama yake mwenyewe alivuka na vipuli sita na pete kwenye sketi, na alitembea kama mgonjwa wa miguu kwa kuogopa dhahabu isije ikalia. Mke wangu ameona uzito kwenye nguo na amejua, kama ambavyo mtu wa kwetu yeyote angejua, kwamba safari imekaribia.

Muuguzi aliliminya pindo, akavigusa vile vipande kimoja baada ya kingine. Ilichukua muda. Kisha akafuta alichoandika.

"Babu," akaniambia mlangoni, "sikuandika kitu leo. Wiki ijayo nitampima bila pazia."

Sijui kalijuaje pazia. Labda ana mama fundi.

Jumapili, 31 Machi

Harufu ya ukungu chumbani. Nimepangusa ukuta kwa siki. Mvua.

Jumatatu, 1 Aprili

Harufu imezidi. Nimekwangua rangi kwa kisu mpaka kwenye sementi, nimemwita mwenye nyumba. Amegusa ukuta kwa kidole kimoja na kusema ni mvua, kama kwamba mvua ni mpangaji mwenzangu na niongee naye.

Alhamisi, 4 Aprili

Bila pazia. Sitaandika alivyopungua. Niandike tu kwamba nilipomsaidia kushuka kwenye mizani nilishika mkono nikadhani nimeshika mpini wa mwavuli.

Jumamosi, 6 Aprili

Cherehani ndiye aliyeona.

Alipanda kurudisha gauni la bluu, ametoa risasi zake. Alikuta ninakwangua ukuta tena, magoti chini, vumbi kichwani, mke wangu akinitazama kutoka kitandani. Cherehani alisimama katikati ya chumba akanusa, akageuka, akanusa tena.

"Shemeji, ukuta hauna mdalasini."

Akafungua kabati.

Ndani ya kabati, nyuma ya makoti, inaning'inia suti yangu ya kijivu. Niliinunua mwaka wa tatu baada ya kuvuka, kwa ajili ya siku ya kurudi, na sijaivaa. Suruali yake ilikuwa imenenepa. Miguu ilifungwa chini kwa kamba ya viatu, kiunoni imekazwa kwa mkanda wangu, na ikasimama pale kama mtu aliyekatwa nusu. Tulipoilaza chini na kuifungua zilitoka biskuti. Zilikuwa zimepangwa bapa kwa bapa, kwa utaratibu, magazeti katikati. Juu kabisa, zenye karanga na yai, zilikuwa zimeota manyoya ya kijani. Chini zaidi zilikuwa zimegeuka tope. Kwenye vifundo vya miguu nilizikuta zile zilizoungua siku ya kwanza. Hizo tu ndizo zilikuwa nzima.

Hivyo ndivyo tulivyobeba unga. Hakukuwa na magunia, kila mtu alifunga miguu ya suruali, akaijaza unga na kuitundika shingoni, na barabara ilijaa watu waliobeba suruali zao.

Hajala hata moja. Tangu Machi. Chenga alizipaka kifuani kwa ajili yangu.

Niliketi sakafuni. Cherehani alitoka akarudi na ndoo, akaanza kukusanya, na nilipomwomba radhi kwa yale ya siku ile alisema nishike upande ule wa gazeti.

Mke wangu alikuwa anatetemeka. Nilidhani analia, kumbe ni hasira. "Mnatupa," akasema. "Watoto watakula nini njiani?"

Jumapili, 7 Aprili

Nimekaa naye ili ale mbele yangu. Anaweka kwenye shavu na kusubiri. Nami nasubiri. Tumekaa hivyo asubuhi nzima, wazee wawili wanaoviziana. Nilipopiga chafya alikuwa ameshaitoa na kuificha chini ya foronya.

Nilimwambia tuna chakula tele. Akacheka. Mke wangu anajua makabati yetu kuliko mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Hakula.

Jumanne, 9 Aprili

Maziwa, vijiko vichache. Mvua imevunja dari ya korido.

Alhamisi, 11 Aprili

Daktari ameandika. Gari litakuja Jumatatu asubuhi.

Muuguzi aliketi nasi muda mrefu kuliko kawaida, mizani ikiwa bado kwapani. Nilimweleza habari ya suruali. Hakucheka wala hakuandika. Aliuliza wanachukua nini watu wanapohama kwa miguu. Nikamwambia: kisichooza. Akasema yeye angechukua sabuni. Sikuona maana ya mazungumzo hayo, nilitaka aondoke nianze kufungasha nguo za mke wangu, lakini maneno yangu mwenyewe yamenikaa kichwani.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimempigia binti yetu kumwambia. Alilia, kisha akaniuliza taratibu jina la nyumba hiyo, vyumba vina watu wangapi, dirisha linafunguka, kama kuna mtu wa kwetu jikoni au hata wa kufagia. Nilimuuliza anayajuaje maswali hayo. Akasema kwake yuko bibi mmoja wa kwetu, hana anayeongea naye, na yeye huwa anachelewesha kutoka zamu ili amsalimie kwa lugha ya nyumbani. "Ananiita jina la dada yake, baba. Naitika."

Nilikuwa nimemdhania vibaya. Anaiona kila siku ile nyumba ninayoiogopa, na hata hivyo anaingia.

Jumamosi, 13 Aprili

Kisichooza. Nimekaa na neno hilo tangu juzi kama ninavyokaa na sentensi iliyokataa kunyooka, na leo asubuhi, nikiwa nasukuma oti kwa chupa, kosa likajionyesha. Nimekuwa nikijisifu kwa biskuti kavu. Kila nilipoboresha nilizikausha zaidi, nikapunguza maji, nikaongeza moto, mpaka zikalia mezani kama vigae. Nilikuwa namtengenezea akiba. Mtu aliyewahi kuhama kwa miguu ukimpa kitu kigumu namna ile, mkono wake hauendi mdomoni, unaenda mfukoni.

Nilikwenda kwa muuza matunda nikaomba ndizi zilizoiva kupita, zile nyeusi anazotupa jioni. Alinipa mfuko bure, akifurahi kupunguziwa nzi. Nikaponda ndizi, nikamimina maziwa yote yaliyobaki, oti nikailoweka mpaka ikavimba, sukari guru, chumvi. Hakuna mayai. Mchanga wa moto kiasi, mfuniko nimeubana kabisa ili mvuke usitoke. Zilitoka za kahawia, nzito, zinabonyea. Ukiinyanyua kwa upande mmoja upande wa pili unainama. Biskuti ambayo ningeona haya kumpa mgeni.

Nilimpelekea ikiwa moto, moja tu, kwenye kisosi. Akaibonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Hii haifiki hata darajani," akasema.

"Haifiki. Kesho itakuwa imechacha. Ni ya kuliwa sasa."

"Na za safari?"

Hapo nilikuwa sijajiandaa. Nilidhani nimetatua tatizo la upishi. Suti ilikuwa inaning'inia mlangoni ikikauka, nimeifua mara tatu na bado ina madoa. Miaka yote hii hatujawahi, mimi na yeye, kulisema neno lile. Tulisema "mambo yakitulia." Tulisema "tukijaliwa." Tuliwalea watoto kwa sentensi zisizo na tarehe.

"Hakuna safari," nikasema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Umesikia redioni?"

"Sikusikia popote. Nimesema mimi. Tumezeeka, mwenzangu. Ile nyumba yetu ya kule ina watu wengine, na watu hao wana wajukuu. Hatuendi."

Alinitazama kwa macho safi kabisa, macho ya asubuhi, ya bei ya vitunguu. Nilitamani katika dakika ile akili yake iwe imekwenda. Haikuwa imekwenda. Uso wake ulishuka polepole kama kitambaa kinachotolewa misumari.

"Hata kuzikwa?"

"Hata kuzikwa."

Mvua iligonga bati la jirani. Alilia bila sauti, kamasi na yote, nami sikumpangusa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga na nilikuwa na yangu ya kupangusa. Kisha akainyanyua ile biskuti iliyoinama, akaitia mdomoni nusu nzima kwa ghadhabu, kama mtu anayemeza tusi, akatafuna na kumeza. Niliona koo likisogea. Akamalizia nusu ya pili.

"Haina chumvi," akasema.

Ilikuwa na chumvi.

Jumapili, 14 Aprili

Ameamka akiuliza kama nimeandaa mizigo.

Nilikuwa nimeshika kisosi mkononi. Nilisimama pale kama niliyepigwa na mlango. Hakumbuki. Ikabidi nimwambie upya, kila neno: nyumba, wajukuu wa watu wengine, kaburi. Alilia upya, kilio kilekile cha kwanza, maana kwake kilikuwa cha kwanza. Halafu akala.

Mbili.

Jumatatu, 15 Aprili

Gari limekuja na muuguzi amekaa mbele. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwa leo, macho yake yalikuwa mekundu na kidevu kina ndizi. Muuguzi alisimama mlangoni akimwangalia anavyotafuna. Hakupima. Alishuka akaongea na dereva, sauti zikapanda, zikashuka, gari likaondoka. Aliporudi alisema amebeba lawama hii mpaka Alhamisi na si zaidi.

Alhamisi, 18 Aprili

Haujashuka.

Cherehani alikuwa amesimama kwenye korido na mikono yake yote miwili mdomoni.

Jumamosi, 20 Aprili

Kila asubuhi. Nilifikiri ulimi utazoea. Nimesahihisha ukurasa mmoja mara kumi na moja katika maisha yangu ya kazi na mara ya kumi na moja sikuona tena maneno, niliona wino. Nikadhani na hili litakuwa hivyo. Halikuwa hivyo. Ninaliona neno zima kila siku.

Cherehani ananiambia niache kumtesa, nimdanganye. Nilimjibu kwamba ningekuwa najua uongo unaoliwa ningeuoka.

Jumatano, 24 Aprili

Leo sikuweza. Aliuliza nami nikasema, "Kesho." Uso wake ukawaka, akaketi wima, akaniambia niite watoto wavae viatu. Alikuwa mzuri. Tuliongea njia nzima, kuanzia daraja mpaka kisima cha shule, akinisahihisha nilipokosea kona. Sijawahi kupata asubuhi kama hiyo tangu tuje huku.

Hakugusa chakula siku nzima. Jioni nilikuta biskuti nne laini ndani ya soksi yangu, zimekwishakuwa uji.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwambia mapema, kabla hajaketi. Umepanda. Kidogo, lakini umepanda, na bila risasi.

Jumatatu, 29 Aprili

Oti, ndizi, maziwa ya unga. Nimemwambia. Amekula.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwambia. Amekula. Muuza nafaka anauliza kuku wanatagaje.

Jumanne, 7 Mei

Jua kidogo. Suti nimempa Cherehani aichane, kitambaa bado ni kizuri sehemu za koti. Atamshonea mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Umepanda tena, na muuguzi ameniambia daktari amefuta alichoandika. Binti yetu alipiga kelele kwenye simu mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. Nimelala mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu mvua ianze.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika. Barabara imekauka na kuacha vumbi jepesi ambalo watu wanaliogopa kana kwamba wamesahau matope.

Nilioka mapema, nikaketi ukingoni mwa kitanda na kisosi, nikasubiri swali. Hakuuliza. Alichukua biskuti akaanza kula, akitazama dirishani watu wanaopita na viti vya kuotea jua. Nilisubiri amalize. Nikadhani swali ameliweka kwa baadaye. Mwishowe nikaanza mwenyewe, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa limeshanipanda kooni na halikuwa na pa kurudi.

"Mwenzangu," nikasema, "hatuendi."

Akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa uso ule, nimeshaujua kila kunyanzi. Haukuja. Alinitazama kwa upole, na kidogo kwa wasiwasi, kama anavyotazamwa mtu aliyeamka na homa.

"Kwani tulikuwa tunakwenda wapi?"

Nilitaja mji. Nikataja mtaa. Nikataja daraja na kisima cha shule, na jina la baba yake. Alisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa pale alipoona inafaa kutikisa. Nilipofika mwisho nilikuwa nalia mimi, peke yangu, na yeye akanisogezea kisosi.

"Kula basi," akasema. "Hizi hazilali."